Dada yangu aligoma kuuza nyumba yake Sydney mpaka chumba cha marehemu shemeji kipimwe radon

Wakuu, heshima kwenu wote mlioko humu jukwaani.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauacha. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa na mtu. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika wapo na mmoja wao ana mdomo.

Wale wa "weka kwa ufupi mkuu", leo mtanisamehe. Hii haifupishiki.

Kilichonisukuma ni mdau mmoja aliyeuliza hapa majuzi, nyumba ya kununua ughaibuni inapaswa kukaguliwa vitu gani. Watu wakajibu mchwa, umeme, mabomba, asbestos. Mmoja akataja radon, wakamcheka, wakamwambia aache kutisha watu.

Mimi sikucheka.

Iko hivi. Ilikuwa 2016, mimi naishi Parramatta, nafanya kazi ya ofisini. Dada yangu mkubwa, tumwite Dada Neema, alikuwa St Marys na mumewe Elisha na binti yao Lina. Dada ni nesi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Shemeji Elisha alikuwa warehouse, anaendesha forklift, shift za usiku.

Shemeji alikuwa mtu wa Kigoma, mrefu, mpole, haongei sana. Sigara hakuwahi kuigusa. Pombe aliacha alipookoka. Starehe yake ilikuwa kuosha vyombo huku anaimba mapambio kwa sauti mbaya mpaka Lina anafunga masikio.

Na alikuwa na tabia moja. Kwenye chakula alichobebeshwa kwenda kazini, lazima abakize kitu. Kipande cha chapati, andazi, chochote. Akirudi asubuhi anamkabidhi Lina kabla hajaenda shule, anamwambia kimetoka kwa sungura. Lina akakua, akajua hakuna sungura, na bado akawa anakidai.

Sasa nyumba yao ilikuwa ya matofali, imekaa kwenye mteremko. Juu ndiko wanakoishi. Chini, nyuma ya gereji, kuna chumba ambacho nusu yake imeingia ardhini. Aliyewauzia alikuwa anawekea vifaa vya bustani.

Mtu wa night shift analala mchana, na mchana nyumba ya juu ilikuwa na kelele. Mashine ya kufulia, simu, mtoto, majirani wanakata nyasi. Shemeji akawa halali vizuri. Siku moja akasinzia juu ya forklift, akagonga rafu. Hakuumia mtu, ila habari zikamfikia dada.

Wikiendi ile ile dada akaingia kile chumba cha chini. Akakisafisha, akatandika zulia, akaweka kitanda na heater. Dirisha lilikuwa linavuja baridi na kelele, akaliziba kwa spongi kuzunguka fremu yote. Halafu akashona pazia la blanketi zito, ndani akaliwekea kitenge cha bluu ili lisimtie huzuni mtu anayeamka.

Shemeji akalala mle miaka. Alikuwa anasema hajawahi kulala hivyo tangu aje Australia.

Kisha kikohozi kikaanza.

Sitaeleza ugonjwa kwa kirefu, walioupitia wanajua na wasioupitia Mungu awaepushe. Saratani ya mapafu. Daktari aliuliza sigara, tukasema hapana. Akauliza tena, maana ndiyo kawaida yao. Akauliza kazi za migodini, kazi za vumbi, tukasema hapana. Akatuambia kwamba inatokea, hata kwa wasiovuta.

"Inatokea." Dada yangu aliishi na neno hilo mpaka tukamzika shemeji.

Tulimzika hapa hapa Sydney. Ndugu wa Kigoma walifuatilia maziko kwa simu, picha inakatika katika.

Wiki chache baada ya msiba, binamu yetu aliyeko Marekani akampigia dada kumpa pole. Katika kuongea akauliza kama nyumba ilipimwa radon. Akaeleza kuwa kwao huko, mtu akiuza nyumba, mnunuzi anataka kipimo hicho kabla ya kusaini. Ni gesi inayotoka ardhini kwenye miamba. Haina rangi, haina harufu. Inajikusanya kwenye vyumba vya chini visivyopitisha hewa, na ukiivuta miaka mingi inaweza kuleta saratani ya mapafu hata kama huvuti sigara.

Chumba cha chini. Kisichopitisha hewa. Miaka mingi.

Binamu hakuwa na nia mbaya wakuu. Lakini mimi nilitamani simu ile isingepigwa.

Wakati huo dada alishaamua kuuza. Alisema hawezi kuendelea kusikiliza ukimya wa asubuhi. Na mnunuzi alikuwepo tayari, wala hatukutangaza. Ni Wakongomani tuliokuwa tunasali nao, Baba Furaha na Mama Furaha. Watu wa Uvira, waliletwa hapa kama wakimbizi, wakafanya kazi mpaka benki ikawakubali. Mama Furaha alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, na nyumba waliyopanga, mwenye nyumba alikuwa anaitaka.

Tena Mama Furaha huyu ndiye aliyekesha na dada hospitali. Uvira na Kigoma ni ziwa moja, alikuwa anamwita shemeji "kaka yangu wa ng'ambo ya maji".

Dada akaniambia, hauzi mpaka chumba kipimwe. Hawezi kuwauzia watu kitu kilichomuua mumewe, halafu mtoto mchanga akalelewe humo.

Mimi nikaona ni sababu nzuri. Nilidhani ndiyo sababu yote.

Agent tuliyemwendea kutusaidia makaratasi alituangalia kama tumemuuliza kuhusu simba. Akasema hapa si Amerika, pwani hii radon ni kidogo sana, hangaikeni na mchwa na asbestos. Alikuwa na haki yake kusema hivyo, ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi za huku. Ila dada hakumsikia.

Tukaagiza kipimo kutoka maabara. Kikaja kwa posta, kikopo cheusi cha plastiki, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maziwa. Hakina taa, hakina betri, hakilii. Unakiweka chumbani miezi mitatu, hukigusi, hukihamishi, unaishi kama kawaida yako. Kisha unakirudisha kwao wakisome.

Dada akakiweka kwenye stuli kando ya kitanda cha shemeji. Akafunga mlango. Dirisha akaliacha na spongi zake, pazia akalishusha, kama kilivyokuwa mtu alipokuwa analala mle.

Hapo sasa ndipo sisi watu wa nyumbani tulipoingia.

Ikafika arobaini. Mnajua arobaini yetu. Ibada, chakula, halafu nguo za marehemu zinagawiwa kwa ndugu ili msiba uishe. Siku moja kabla, akina mama wa kanisani walikuja kupika na kufanya usafi. Dada alikuwa juu na wageni, amezungukwa, hana hata nafasi ya kusema neno.

Mama Furaha akashuka chini kufungasha vitu vya shemeji. Akakuta chumba kimefungwa, kina giza. Kwa mila yao, chumba cha marehemu hakifungwi hivyo, lazima kipigwe hewa. Akabandua spongi, akafungua dirisha, akadeki, akaacha mlango wazi. Mimba ile, na tumbo lile, akadeki akiwa amepiga magoti.

Kile kikopo akakiona. Akadhani ni kitu cha hospitali alichokuwa anatumia kaka yake. Akakifuta vumbi, akakitia mfukoni mwa koti la shemeji, pamoja na miwani. Koti likaingia kwenye begi. Begi likaenda kwa mrithi wa nguo, Kaka Yona, mkubwa wa shemeji, anayeishi Campbelltown.

Sisi tumekuja kugundua siku kadhaa baadaye. Dada alishuka, akakuta upepo unapita chumbani na stuli iko tupu. Alinipigia simu nikiwa kazini. Sikuwahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo namna ile.

Tukamuuliza Mama Furaha. Akatueleza bila kuficha, tena kwa furaha ya mtu aliyesaidia. Dada akamshukuru. Hakumwambia kile kikopo ni nini.

Jumamosi tukapanda treni kwenda Campbelltown. Safari ndefu. Mimi nilikuwa nimeshajipanga namna ya kumweleza Kaka Yona, kwa utani kidogo, tuchukue chetu tuondoke.

Tulipoingia sebuleni kwake tukakiona.

Kipo kwenye kabati la vioo, mbele ya picha ya shemeji. Amekiweka juu ya kitambaa cheupe, pembeni miwani, pembeni mshumaa. Kaka Yona akatuonyesha mwenyewe. Akasema hajui ni cha nini, ila kilikuwa mfukoni mwa mdogo wake, kwa hiyo mdogo wake alikuwa anakishika. Kila asubuhi kabla ya kutoka anakigusa.

Nilimwangalia dada. Nilifungua mdomo niseme, akanikanyaga mguu.

Tukanywa chai, tukaomba, tukaondoka.

Kwenye treni ndipo dada alipolia. Akaniambia niagize kingine.

Kwa hiyo wakuu, kama mtu wa Campbelltown anataka kujua hewa ya kabati la Kaka Yona, kipimo kipo na hakijasomwa mpaka leo. Hapo naruhusu mcheke kidogo, sisi wenyewe tulikuja kucheka baadaye.

Turudi kwenye mada.

Kipimo kipya, miezi mitatu mingine kuanzia mwanzo. Maana yake wanunuzi wasubiri. Dada akawaambia wasubiri, ila hakuwaambia kwa nini. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Kanisani kukawa na minong'ono. Kwamba dada amepata mnunuzi mwingine. Kwamba anawaona Wakongomani si kitu. Baba Furaha akaacha kutusalimia kwa mkono, anatikisa kichwa tu kwa mbali. Mwenye nyumba yao alikuwa ameshawapa taarifa ya kuhama. Mimi nikamwambia dada awaambie ukweli, wataelewa. Akanijibu kwamba nisimfundishe.

Siku moja alasiri Mama Furaha akaja mwenyewe. Tumbo limeshakuwa kubwa, anapumua kwa shida. Mimi nilikuwepo, narekebisha bomba la jikoni. Hakutaka kukaa.

"Mama Lina," akasema, "kama hautaki kutuuzisha, utuambie tu. Hatutakasirika. Lakini usitukimbie, juu mimi nilikuwa nakuona kama dada yangu ya tumbo moja."

Dada akashika ukingo wa meza. Nikadhani atasema habari za radon, gesi, maabara.

"Ni mimi niliyemwambia ashuke akalale chini," dada akasema. "Yeye hakutaka. Alisema atazoea kelele. Dirisha nililiziba mimi, kwa mikono hii. Kama hewa ya mle ndiyo iliyomuua, Mama Furaha, nimemuua mimi. Nasubiri kuambiwa."

Wakuu, mimi ni mdogo wake wa damu. Nilikuwa naye hospitali, makaburini, kwenye treni. Sikujua kwamba analibeba hilo. Nilibaki na spana mkononi.

Mama Furaha akavuta kiti, akakaa.  Kisha akaongea polepole, kama anamweleza mtoto.

"Baba Furaha naye anafanyaka kazi ya usiku. Asubui namulalishaka kwa chumba ya watoto, nafunga rido ya dirisha, nakatazaka kila mutu makelele. Wewe ulifanyia bwana yako vile mwanamuke anafanyaka. Hata hewa iwe mubaya namna gani, ile si kuua, dada."

Dada akaweka kichwa mezani. Mama Furaha akamshika mgongo, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, kwa sababu hapakuwa na kazi yangu tena mle ndani.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeulizia lini. Familia ile ikahamia kwa muda kwa ndugu zao, wamebanana, na hawakulalamika. Mtoto akazaliwa huko huko, wa kiume. Wakamwita Elisha.

Majibu yalikuja kwa email siku ya katikati ya wiki. Dada akanitaka nije nisome mimi. Lina alikuwepo, ametoka shule, bado ana uniform.

Nikasoma. Kiwango kilikuwa chini. Chini kabisa, mbali na pale wanaposema mtu achukue hatua. Chumba kile, pamoja na dirisha lake lililozibwa upya, hakikuwa na kitu.

Dada akasema nirudie. Nikarudia. Akachukua simu akawapigia maabara, akaweka loudspeaker. Aliyepokea alikuwa mzee mmoja mstaarabu. Dada akamuuliza kama labda zamani gesi ilikuwepo, sasa imeisha. Yule mzee akasema chumba kikifungwa vilevile, hategemei tofauti kubwa, kwa sababu ardhi iliyo chini ya nyumba ni ile ile.

Dada akamuuliza, sasa kama si hewa, ni nini kilichomuua mume wangu?

 Kisha yule mzee akasema, "I'm so sorry, love. I only measure the air."

Alipokata simu dada akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko. Lina akamkimbilia, amechanganyikiwa. Yeye Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Akamwambia, "But it's a good result, Mum. It's good. Why are you crying?"

Kweli ilikuwa nzuri. Nami nilifurahi, nilihisi mzigo umenitoka kwa niaba yake. Lakini nilielewa pia. Miezi ile yote alikuwa na mtu wa kumshitaki, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe. Sasa hakuwa na mtu. Shemeji amekufa na hakuna aliyefanya kosa, na hilo halina pa kulishikia. Nilikaa nao mpaka Lina akaenda jikoni akaanza kuosha vyombo. Alikuwa anaimba, kwa sauti mbaya kama ya baba yake.

Nyumba wakauziwa Baba Furaha na familia yake.

Siku ya kukabidhi funguo tulikuwa tumeshatoa kila kitu. Mama Furaha alikuja na mtoto mgongoni. Dada akamzungusha vyumba vya juu, akamwonyesha swichi inayosumbua na bomba nililodai nimelitengeneza. Halafu wakafika kwenye ngazi za chini, wakasimama. Mama Furaha hakuuliza. Nadhani alikuwa ameshaamua kile chumba kiwe stoo, kwa heshima tu.

Dada akashuka wa kwanza.

Tukamfuata. Chumba kilikuwa kitupu, kimebaki zulia na lile pazia. Dada akasimama katikati.

"Baba Furaha alale hapa," akasema. "Kichwa akiweke upande huu, maana saa za mchana jua linapita pale. Dirisha acha liingize hewa kidogo, kelele hazifiki. Pazia nimekuachia. Ukilivuta mpaka mwisho, anaweza kudhani ni usiku."

Akalivuta mwenyewe kumwonyesha. Tukasimama gizani sote watatu, na mtoto, na kitenge cha bluu kinaonekana kwa mbali.  Kisha dada akalifungua, akampa mwenzake funguo, tukapanda juu.

Wakuu, mafunzo niliyoyapata.

Kwanza, pima. Msimcheke anayetaja radon. Huku Sydney pengine utaambiwa hakuna kitu, sawa, uambiwe hivyo na kipimo, si na agent. Na chumba cha chini kipe hewa hata kama ni salama.

Ukipima, waambie wote wanaoingia nyumbani kwako hicho kikopo ni nini. Hasa kama kuna msiba, kwa sababu sisi tukija kukufariji tunadeki.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike. Muulize mfiwa anajilaumu kwa lipi. Msimwambie tu pole na Mungu amempenda zaidi. Mimi nilikuwa namsaidia dada kwa kila kitu, nabeba maboksi, nasoma email, na swali hilo sikuwahi kumuuliza. Aliyelipata jibu ni mwanamke aliyekuja kumlaumu.

Dada hajambo. Bado ni nesi, anaishi karibu na kwangu. Lina yuko chuo sasa.

Haya, karibuni. Wenye uzoefu wa kipimo hiki kwa nchi mlizopo, semeni ilikuwaje. Na nyinyi mnaopiga night shift, kabla hamjaanza kunisahihisha, niambieni kitu kimoja: mchana mnalala wapi, na ni nani aliyewaandalia hapo?